Nilimtengeneza rafiki yangu wa Muyinga kuwa AI kwenye gemu la anga, kisha nikaenda kumwonyesha

Wakuu, poleni na majukumu. Wenye chai mkononi kaeni vizuri. Wenye haraka mnaweza kuruka hadi mwisho, ila mwisho bila katikati hautawafaa kitu.

Haya yamenitokea mwenyewe na chumvi sijaongeza. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta kwenye shule moja ya sekondari hapa Gitega, upande wa Mushasha. Naishi mtaa wa Yoba. Nilikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi. Wazazi waliporudi Burundi kulima nilirudi nao, wakati huo tayari nina ndevu. Ndiyo maana Kiswahili changu ni cha kule, na mambo mengi ya huku nimejifunza ukubwani.

Sasa, kwa wasioyajua haya magemu ya mikakati ya anga, nieleze taratibu.

Unaanza na sayari moja na meli mbili tatu. Unatafuta sayari nyingine, unachimba madini, unajenga meli zaidi, mwisho unakutana na himaya za wenzako. Hapo una njia mbili, kupigana au kuzungumza. Himaya ambayo haina mtu inaendeshwa na AI, yaani kompyuta inajiamulia. Jina la gemu naliacha, moderator asije akaona natangaza biashara.

Mwenzangu kwenye gemu alikuwa Sudi.

Sudi ni fundi cherehani, mtoto wa familia ya Waislamu wa Muyinga ambao wameshona tangu babu yake. Alikuwa amepanga chumba cha kazi hapa Yoba. Siku moja nilimpelekea suruali apunguze, nikakaa kusubiri, nikafungua laptop. Akaja nyuma yangu na futi ya kupimia shingoni.

"Prof, hii iko nini? Nyota?"

Huku walimu wa sekondari tunaitwa prof, msidhani nina shahada za kutisha.

Nilimweleza dakika kumi. Suruali haikupunguzwa siku ile.

Tukawa tunacheza kila Jumapili mchana. Mimi nimetoka misa, yeye ameswali adhuhuri na hana wateja. Laptop ilikuwa moja, kwa hiyo tulicheza kwa kupokezana. Zamu yake ikifika mimi nageuka naangalia ukuta wenye marobota ya vitambaa, nisione mipango yake. Nilikuwa namsikia tu akijisemea na "sawa" yake ya Kifaransa, "Bon... bon... huyu tumuache... bon."

Vita vyake vilikuwa vya ajabu. Mimi naunda meli kubwa, mizinga mingi, ngao nene. Yeye anaunda meli ndogondogo, na katika kila kundi anaweka mbili za matengenezo ambazo hazina silaha hata moja. Nilimcheka sana.

Kumbe kwenye gemu lile vita haviishi kwa pambano moja. Meli yangu ikiumia lazima irudi nyumbani, zamu nyingi zinapotea njiani. Yake inatengenezwa palepale. Anapigana kidogo, anarudi nyuma, anashona palipochanika, anarudi tena. Siku aliyonimalizia kundi zima alinipigapiga bega.

"Pole prof. Meli yako iko kama ng'ombe ya mahari. Iko nzuri ya kuangalia tu."

Kwenye diplomasia ndiko alikonishinda kabisa.

Hapa niwafungue macho kidogo. AI ya gemu haisomi maneno yako, inasoma namba. Kila himaya inakuwekea alama. Ukitoa zawadi zinapanda. Ukisogeza meli mpakani kwake zinashuka. Ukivunja mkataba zinaporomoka. Ukiomba mkataba, inaangalia tu kama alama zimefika kiwango. Zikifika ni ndiyo, zisipofika ni hapana.

Nilimweleza Sudi yote haya na aliyaelewa. Bado kila himaya mpya aliyokutana nayo aliitumia zawadi bila kuomba chochote, na kwenye kisanduku cha ujumbe anaandika "Amahoro", salamu ya Kirundi.

Nikamwambia, "Sudi, hiyo ni AI. Haina masikio."

"Na we uko nayo?"

Nilicheka. Sikujua kwamba lile ni swali la kweli.

Basi wakuu, baba yake akaugua. Sudi ndiye mtoto mkubwa, ikabidi arudi Muyinga kushika duka la familia. Siku ya kuondoka nilimsaidia kupandisha cherehani kwenye gari, tukakubaliana gemu lisife. Kule dada yake ana laptop. Nitacheza zamu yangu, nitamtumia faili kwa WhatsApp, naye atacheza yake alirudishe.

Mwanzo zamu ilikuwa inarudi kila siku. Baadaye ikawa kwa wiki mara moja.

Nikamwandikia, "Nije kumwona mzee?"

Akajibu, "Usijisumbue prof. Njia iko mbali, magari iko shida. Mungu akulipe."

Ni kweli, mafuta yalikuwa ya kutafuta kwa tochi. Nikaona amenielewa. Sikwenda.

Mzee akafariki. Nikapiga simu, nikatoa pole kwa moyo wote, nikauliza tena, nije? Akasema vilevile, kwa sauti ya chini. "Usijisumbue, ndugu yangu."

Sikwenda tena.

Mtasema desturi za msiba za Kirundi ningezijua, kambini si mlikuwa Warundi watupu? Kweli. Ila kule jirani alikuwa mistari mitatu ya nyumba kutoka kwako. Ukisikia kilio unatoka, basi. Swali la "nije?" halikuwepo, kwa hiyo hata jibu lake sikuwahi kujifunza kulisoma.

Na kuna kitu kingine naona aibu kukiandika, ila niliahidi kusema kweli. Baada ya wiki mbili za msiba nilimtumia faili la gemu na maneno mawili: "Zamu yako."

Halikurudi.

Hakunitukana. Nikimsalimia anajibu, "Tuko salama, alhamdulilahi." Zaidi ya hapo hakuna. Kwenye skrini yangu ikabaki sentensi ileile kwamba inasubiriwa zamu ya mchezaji wa pili. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Wakuu, kuna upweke ambao ukimwelezea mtu unaonekana mtoto. Mtu mzima, mwalimu, eti una huzuni ya gemu. Lakini nilizikumbuka zile Jumapili hadi harufu ya pasi ya mkaa juu ya kitambaa chenye maji. Nilianza kucheza na AI peke yangu, na zamu ya upande wa pili ikifika najikuta nimegeukia ukuta. Ukuta wa kwangu, ambao hauna hata kitambaa.

Hapo ndipo wazo likanijia. Gemu hili linaruhusu kuandika script, yaani maagizo ya kubadilisha tabia ya AI. Nitamtengeneza Sudi.

Niwape siri ya watengenezaji. AI "ngumu" kwenye magemu mengi si kwamba ina akili zaidi. Inaongezewa madini kwa siri, basi. Sikutaka hiyo. Nilitaka niketi na kuhisi kuna mtu upande wa pili.

Nikaandika hivi: ikikutana na himaya mpya, itume zawadi kwanza, isiombe kitu kwa zamu kumi. Kila kundi la meli liwe na mbili za matengenezo. Ikipoteza robo ya meli, irudi nyuma. Jirani akipatwa na janga, iulize kama anahitaji msaada, akisema ndiyo itume, akisema hapana iache.

Ilifanya kazi. Mara ya kwanza iliponipiga na kurudi nyuma na kunipiga tena, nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Ikabaki sauti. Nilitaka iseme maneno ya Sudi mwenyewe. Gemu huwa linahifadhi kila ujumbe ambao wachezaji wametumiana, kwa hiyo nikafungua kumbukumbu za michezo yetu yote, nikaanza kunakili utani wake.

Nikiwa katikati ya kunakili, nikaona kitu.

Kuna wakati nyota inalipuka na makoloni ya karibu yanakosa chakula. Iliponipata mimi, Sudi aliandika: nikutumie meli za chakula? Nikajibu hapana, niko sawa. Zamu iliyofuata meli zake zikafika na chakula.

Nikaenda mchezo mwingine. Nimesema hapana, meli zimefika. Mwingine tena. Nimeandika kabisa "acha bwana, utajimaliza," meli zimefika.

Hakuna hata mara moja ambayo alinisikiliza. Na mimi kila mara nilizipokea, nikafurahi, na sikumbuki kama nilishangaa.

Nilifunga laptop.

Kesho yake shuleni nilimweleza Madamu Espérance, anayefundisha Kirundi, mama wa makamo asiye na subira na wajinga. Alikuwa anasahihisha madaftari. Akaiweka kalamu chini.

"Ngoja, prof. Alikuambia usije?"

"Ndiyo."

"Na wewe hukwenda?"

"Alisema nisijisumbue."

"Ehe! Ulitaka akwambieje? Njoo unililie baba? Mtu anakwambia usijisumbue ili usije kwa kulazimishwa. Kisha anakaa anaangalia mlango." Akachukua kalamu yake. "Nenda. Na usibebe bia kama unavyoona kwetu, hao ni Waislamu. Beba sukari na mchele. Na usipige simu kwanza, utauliza tena maswali yako."

Jumamosi asubuhi nikapata nafasi kwenye gari la kupitia Karuzi. Saa sita na kitu nikawa Muyinga, karibu na soko. Duka la familia ya Sudi halikunisumbua kulipata.

Alikuwa kwenye cherehani. Aliniona mlangoni na mfuko wa mchele, akanitazama, halafu akaendelea kushona hadi mwisho wa mshono. Akakata uzi. Ndipo akainuka.

"Prof."

"Sudi. Pole ndugu yangu. Nimechelewa."

Alichukua mfuko, akanishika mkono, akanipeleka nyumba ya nyuma kwa mama yake.

Mama yule alinitazama muda mrefu. "Ni wewe prof wa Gitega?"

"Ndiyo, mama."

"Mzee alikuulizia. Akiwa pale kitandani, gari ikisimama nje alikuwa anasema, 'Ule mutu anapiganaka na Sudi mu nyota, amefika?' Alitaka kukuona sura."

Wakuu, nilikaa kwenye mkeka nikakosa pa kuweka macho. Sudi alikuwa amesimama mlangoni, ametugeuzia mgongo.

Hawakunisema. Waliniombea dua ya safari, wakaniletea wali na maharage, mama akawa ananiongezea kila nikisafisha sahani. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Baada ya kula tulirudi dukani.

"Mi nilikuambia usikuje," Sudi akasema.

"Ulisema."

"Na we ukakubali. Mara mbili!" Akaanza kucheka, kicheko kisicho na furaha sana, ila kicheko. "Halafu 'zamu yako'. Sha! Mi nilitaka kutupa simu mu choo."

"Ungeitupa ungekuwa na haki."

"Simu ya dada yangu, angeniua."

Hapo tukacheka wote. Nikatoa laptop, nikamwonyesha himaya yenye jina lake. Alivuta kiti akacheza dhidi yake karibu saa nzima, futi shingoni. Ilipomtumia zawadi ya kwanza akatabasamu. Iliporudisha meli nyuma kuzitengeneza akanigonga kiwiko. "Uliniangalia vizuri, prof."

Halafu nyota moja ikalipuka karibu na makoloni yake. AI ikauliza: nikutumie chakula? Akabonyeza hapana. Akangoja zamu moja. Akangoja ya pili, ya tatu. Makoloni yakaanza kufa, na ile himaya yenye jina lake ikakaa kimya upande wa pili, na meli zake zimejaa chakula.

Akasukuma laptop kwangu taratibu.

"Huyu si mi, ndugu yangu. Huyu ni we, umevaa kanzu yangu."

Nilimuuliza kama tutaendelea na lile gemu letu. Akaangalia nguo za wateja zilizokunjwa nyuma yake, akaangalia nyumba ya mama yake. "Siko na muda tena ya nyota, prof. We kuja tu. Tutaongea."

Nimeshakwenda mara mbili tangu siku ile. Tunaongea vizuri. Anashona, mimi nashika ncha ya kitambaa. Gemu hatujacheza na sidhani kama tutacheza tena, na sitawadanganya, nalitamani hadi leo. Natamani zaidi kitu ambacho hakirekebishiki kwa script wala kwa gari, kwamba kulikuwa na mzee aliyekuwa akisikiliza magari.

Nililojifunza ni hili. Nilifundisha mashine kuuliza na kuheshimu jibu, nikaona hiyo ndiyo adabu. Kumbe kuna watu na kuna nyakati ambapo kuuliza ni kumtwisha mwenye shida mzigo wa kukukataa. Ukiona janga limemfika mtu wako, nenda. Akikufukuza mlangoni utarudi, hujapoteza kitu.

Wadau wa script, mstari ule wa msaada bado sijaubadilisha. AI inayokuja bila kuitwa nimejaribu, inakuwa kero, inavamia kila mahali. Itajuaje tofauti kati ya "hapana" ya kweli na ile nyingine? Mwenye uzoefu anielekeze, nasoma kila comment.

Na wewe usiyejua gemu lolote lakini kuna mlango unaoukwepa, karibu pia. Andika tu ni wa nani.