Mtaaluma alivyomfelisha mwanafunzi wangu kwa kosa la kuwaacha watoto waseme

Wakuu, nawasalimu. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo zenu.

Hili jambo nimekaa nalo tumboni miaka mingi na sijalitia chumvi. Majina nimebadilisha na chuo sikitaji, maana wahusika wengine bado wapo na wana wajukuu.

Kilichonichokoza ni semina ya juzi. Kaja kijana na projekta yake, anatufundisha sisi walimu wazee kitu kinaitwa flipped classroom. Yaani mwanafunzi anasikiliza somo nyumbani kwanza, akija darasani ni kujadiliana na kufanya kazi, mwalimu anapita kusaidia. Watu makofi. Mimi nimekaa pale damu inanichemka.

Kijana wa watu hana kosa. Hasira zangu mimi ni za Lushoto.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mitumba imejaa sokoni, radio kaseti kila duka, vyuo vya watu binafsi ndio vinaanza kuota. Mimi binti kutoka Muheza, Mbondei halisi, nikapata kazi kwenye chuo kidogo cha ualimu huko juu. Bweni lilikuwa halijaisha kujengwa, kwa hiyo wanachuo walipanga vyumba mjini, na mwisho wa wiki wanarudi kwao Gare, Rangwi, Mlalo.

Baridi ya kule wanaoijua wanaijua. Mwezi wa saba chaki inakuponyoka vidole vimekufa ganzi.

Nilikuta wanachuo wangu mabubu. Adabu tele, shikamoo mpaka unachoka kuitikia, lakini uliza swali uone. Kimya. Msambaa aliyelelewa vizuri habishani na mkubwa wake, na mwalimu ni mkubwa hata kama umri mnalingana.

Aliyenipa mawazo kuliko wote ni Zubeda, binti wa mkulima wa kabichi kutoka Mlalo. Akili anayo, daftari safi, ila mdomo haufunguki. Kiswahili alikuwa anakiogopa, nyumbani kwao ni Kisambaa asubuhi mpaka jioni. Na mbele yake kulikuwa na mazoezi ya kufundisha. Ukifeli hayo unarudia mara moja tu. Ukifeli tena, unarudi kwenu kupalilia kabichi na ualimu ndio basi. Sasa mwalimu asiyeweza kusema mbele ya watu atafaulu vipi?

Nikapata wazo. Nikanunua kaseti tupu, nikakaa chumbani nikarekodi somo langu lote. Nikanakili, nikagawa kwa vikundi: ya Gare, ya Mlalo, ya waliopanga mjini. Nikawaambia wakasikilize Jumamosi, Jumatatu tukija ni kujadili tu, mimi sihutubii.

Jumatatu ikafika. Mmesikiliza? Wote wamesikiliza. Haya, nani ana swali? Kimya kilekile!

Nikamvuta Zubeda pembeni. Ikabidi anieleze, huku anatazama chini. Kumbe baba yake aliposikia kuna sauti ya mwalimu kwenye radio, akaweka radio mezani juu ya kitambaa, akaita nyumba nzima, watu wakakaa wima. Zubeda kuna mahali hakuelewa, akanyoosha mkono arudishe nyuma. Baba akamkataza, kwamba mwalimu akisema hakatizwi. Kaseti ikaenda mpaka mwisho. Sauti yangu ilipoaga, nyumba nzima ikaitikia ahsante mwalimu.

Nilicheka mpaka machozi. Halafu nikauliza wengine, nikakuta hadithi ni moja. Hakuna aliyethubutu kunizima. Darasa zima wamenisikiliza mara moja, kama hotuba ya mkuu wa wilaya.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Mlalo mwenyewe. Nikamwamkia mzee, nikakaribishwa makande, nikamwomba amruhusu binti asimamishe kaseti. Mzee hakukataa, ila nilimwona haimwingii. Hawezi kumwambia mgeni hapana, na mimi nikishatoka pale mambo yatarudi yaleyale. Kubondei kwetu na Kusambaa kwao si mbali, nazijua hizo heshima.

Nikabadili mbinu. Kaseti iliyofuata nilirekodi amri. Nikaeleza kipande, kisha nikasema kwa sauti ya ukali: "Hapa nizimeni. Zubeda, mweleze mama nilichosema. Asipoelewa, rudisheni nyuma." Kila kikundi kaseti yao, na majina yao.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Kwa mzee, kunizima sasa ndio ikawa heshima. Mwalimu kaagiza! Mama yake Zubeda, ambaye shule hakuikanyaga, akawa anaelezwa kwa Kisambaa, na anauliza kwelikweli, hamwachii binti mpaka aeleweke. Betri zikichoka wanazianika juani, na jua lenyewe kule la kubahatisha, basi wanaendelea kubishana bila kaseti.

Baada ya wiki chache Zubeda alinyoosha mkono darasani. Kiswahili kinayumba, lakini anasema. Mwenzake akampinga. Zubeda naye akampinga. Nilikaa benchi la nyuma nimefunga mdomo, roho kwatu.

Na hapo benchini ndipo Mtaaluma aliponikuta.

Mtaaluma ni yule anayesimamia masomo chuoni, nitamwita hivyo hivyo. Alipita dirishani, akaona wanachuo wamesimama wanajibizana, ubao mtupu, mkufunzi kakaa nyuma. Akaniita ofisini. Akaniuliza kama nimeajiriwa kufundisha au kukaa. Nikamweleza. Akasema kaseti ni za taarabu, chuo si klabu. Akazikusanya zote akazifungia kabatini.

Sasa sikieni jambo lililoniua. Wiki ileile, yeye mwenyewe alikuwa anafundisha mada ya mbinu shirikishi. Nimepita mlangoni namsikia kwa masikio yangu haya: "Mwanafunzi awe kitovu cha somo, nukta. Mwalimu awe mwezeshaji tu, nukta, aya mpya." Watu wameinamisha vichwa wanaandika. Hakuna hata mmoja aliyecheka.

Nilitamani kupiga kelele pale pale. Nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio cha kazi, nikaondoka.

Mazoezi ya kufundisha yakaja. Zubeda alipangiwa shule ya msingi Gare, na siku ya ukaguzi wake tulikwenda wawili, Mtaaluma na mimi. Somo lilikuwa mmomonyoko wa udongo. Jana yake alishawaagiza watoto wakawaulize watu wa nyumbani kwa nini shamba la mlimani linawekwa makinga maji. Kaseti hana, katumia wazazi.

Wakuu, lile darasa! Watoto wa darasa la nne wanagombea kusema. Mmoja kasema shamba la mjomba wake lilibebwa na mvua, mwingine kamjibu kwamba huyo mjomba alipanda mahindi kufuata mteremko ndio maana. Zubeda anapita katikati, anauliza, anamtuliza huyu, anamwamsha yule. Yule binti bubu! Mwisho akawaambia watoto wafupishe wenyewe, yeye akaandika ubaoni mistari michache.

Nilikuwa nafuta machozi kwa ncha ya kanga niliyojitanda kwa baridi.

Tukatoka nje. Mtaaluma akafunga kalamu yake, akasema, "Watoto nimewaona wakifundisha. Yeye sijamwona." Akampa sifuri kwenye kufundisha. Kafeli.

Nilibisha pale nje hadi mwalimu mkuu wa shule akajifanya ana kazi ofisini. Nikabisha chuoni kwenye kikao. Wenzangu, ambao chumba cha walimu walikuwa wananisifia, siku hiyo kila mtu anatazama kikombe chake cha chai. Mkaguzi mkuu ni Mtaaluma, imeisha hiyo.

Zubeda akapewa nafasi ya kurudia. Nikamwambia asibadilishe kitu, nitampigania tena. Alinisikiliza kwa adabu zake zote, akasema ahsante mwalimu.

Siku ya kurudia alijaza ubao kutoka pembe hadi pembe. Akasoma, watoto wakaitikia, wakanakili, kengele ikagonga. Hakuna mtoto aliyeuliza neno. Mtaaluma akampa alama ya juu kuliko wote na kumsifu mbele ya wanachuo wenzake. Mimi mwaka uliofuata nikaomba kazi Tanga mjini.

Miaka ikapita. Nikapanda Mlalo kwenye msiba wa mtu wa karibu, nikasikia Zubeda anafundisha shule ya pale, nikapita kumwona. Nilisimama dirishani. Ubao umejaa pomoni. Watoto kimya, kalamu tu zinakwaruza. Mtoto mmoja akanyoosha kidole, Zubeda akamwambia aandike kwanza.

Alinipokea kwa furaha, akanishika mikono yote miwili, akataka nikale kwake. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza ile mbinu ya Gare iliishia wapi.

Hakukasirika. Alisema taratibu, Kiswahili kimenyooka siku hizi: "Mwalimu, ile nilifelishwa nayo ukiwa umekaa pale pale. Watoto wangu wanne wanakula kwa hii."

 

Nilichojifunza: acheni kuwalaumu walimu kwamba ni wazito kubadilika. Mwalimu anafundisha kile kilichompa alama. Semina hata zikiletwa kwa ndege, kama yule anayekagua nyuma ya darasa anahesabu mistari ya ubaoni, watoto wataendelea kunakili. Anzeni na wakaguzi.

Mlioko humu mliopita vyuo vya ualimu, hebu semeni ukweli: ukaguzi wenu wa kwanza mlipewa alama kwa lipi? Na kama yuko Mtaaluma humu, karibu ubishe. Hapa hakuna wa kukunyamazisha, ingawa wewe ulitunyamazisha.