Betri ya nyumba ya mzazi: yaliyomkuta rafiki yangu siku ya tano ya kriketi hapa Gendabi

Wakuu, habari za humu. Wakubwa zangu shikamooni, wengine mambo vipi.

Huu uzi nimeshauandika nikaufuta. Leo nauachia. Sina ninachouza na sina wa kumfurahisha, nasema kilichotokea. Mhusika mwenyewe nilimwomba ruhusa, akasema andika, ila jina langu lisionekane lote. Basi nitamwita Gida. Huku Hanang ukisema Gida hujamtaja mtu, wako wengi mno.

Kwa kifupi: jamaa aliingia kwenye kesi ya akina mama wa Kibarbaig kwa sababu ya mechi ya kriketi. Ilikuwa ama atoe dume lake jeusi la ng'ombe, lile la mbegu, ama atengwe na watu wote.

Najua kuna watu washaanza kucheka neno kriketi. Chekeni, mkimaliza tuendelee.

Mimi ni Mwiraki wa Tlawi, ila niko Gendabi miaka sasa. Nina banda la kuonyesha mpira na nachaji simu. Mke wangu anauza chai pembeni. Banda lenyewe ni mabati, mabenchi, TV moja na king'amuzi kimoja. Sina timu na sijawahi kuwa nayo. Nikiulizwa najibu timu yangu ni umeme.

Mwezi wa saba ni mbaya sana kwa sisi wenye mabanda. Ligi zimefungwa, watu wameshavuna, muda wanao, na huna cha kuwaonyesha. Siku moja napitisha chaneli nikaangukia wanaume wamevaa nyeupe tupu, wamesimama kwenye nyasi, hakuna anayekimbia.

Nikataka kupita. Gida akasema, "Acha hapo kwanza. Hawa wanangoja nini?"

Na sisi tukakaa kungoja.

Kumbe ilikuwa test, Waingereza na Waaustralia, watani wa jadi kabisa. Series ya mechi tano, na kila mechi inakwenda mpaka siku tano. Nikasoma sheria kwenye simu, nikawaelezea kwa kadiri nilivyoelewa, yaani nusu. Mmoja anarusha, mmoja anapiga kwa kibao, nyuma yake kuna vijiti vitatu. Vikiangushwa, katoka. Wote wakitoka, wanabadilishana. Mengine kila mtu akajiongeza mwenyewe.

Watu wakagawana haraka. Wakulima wakachukua Uingereza, kwa mazoea ya ile ligi yao ya mpira. Wafugaji wakachukua Australia. Gida alipoambiwa kule kuna mtu mmoja ana ng'ombe wengi kuliko kata yetu nzima, hakuuliza tena.

"Hao ndio watu," akasema.

Kitu ambacho sikukitegemea ni hiki. Mpira wa dakika tisini wafugaji wengi huwa hauwakai, wanauona kama ugomvi wa ghafla. Hiki cha siku tano kikawakaa. Watu wanacheza, wanaenda kula, wanarudi. Wanaenda kunywa chai, wanarudi. Jioni wanaahirisha mpaka kesho na hakuna anayelalamika. Gida alisema hawa wamelelewa.

Australia wakachukua mbili za mwanzo. Wafugaji wakatamba mpaka mnadani Katesh. Ya tatu Uingereza wakafufuka, na wakulima nao wakapata midomo. Ya nne Uingereza walikuwa wanaelekea kushinda wazi wazi, mvua ikanyesha. Kesho yake ikanyesha tena. Ikaisha sare.

Banda likawaka. Wakulima wanaitukana mvua kwa lugha ambayo siwezi kuiweka hapa. Mfugaji mmoja akasimama, kakasirika kwelikweli: "Ng'ombe wangu wanatembea kutwa kutafuta maji, halafu nyie mnatukana mvua mbele yangu?"

Wakaendelea kutukana, ila kwa sauti ya chini.

Sasa, katikati ya mambo haya mke mdogo wa Gida akajifungua. Mke mwenyewe bado ni binti tu, na ndiyo mara yake ya kwanza.

Kwa wasiojua, kwa Wabarbaig kama Gida kila mke ana nyumba yake. Akijifungua, ile nyumba mume haingii mpaka muda wa uzazi uishe. Haingii hata kuchukua fimbo aliyoisahau. Kila mwanaume analijua hilo tangu anachunga ndama. Mimi Mwiraki tu nalijua.

Ikafika mechi ya tano, siku ya tano. Umeme ulikatika tangu asubuhi, tukaambiwa nguzo imeanguka. Nikaunga TV kwenye betri yangu ya sola. Ikavuta, ikavuta, jua linazama inveta ikaanza kulia. Na kule Waaustralia wanafukuzia pointi, watu wao wanatoka mmoja mmoja. Yeyote angeweza kushinda. Banda limejaa, wengine wamesimama nje wanachungulia.

Nikawaambia ukweli: jamani, hii betri haimalizi.

Makelele. Wengine wanataka nitoe betri ya pikipiki ya mtu. Gida akainuka, akasema, "Nakuja."

Akarudi na betri kaifunga nyuma ya pikipiki. Nikadhani kaitoa kwa mke mkubwa, maana na kule kuna sola. Nikaunga, picha ikarudi, watu wakashangilia kama goli.

Tukaona mpaka mwisho. Uingereza wakashinda, series ikaisha mbili kwa mbili. Msimu mzima wa kushindana na hakuna aliyemzidi mwenzake! Wakulima wakacheza nje kwenye vumbi. Gida akafungua betri yake, akaondoka bila kuaga, kanuna.

Kesho yake ndipo tukajua.

Betri aliitoa kwenye nyumba ya mzazi, yule mke mdogo. Aliingia, akafungua waya, akabeba. Mke akamuuliza unaipeleka wapi, yeye akawa keshatoka. Giza likaingia. Simu ya yule binti haikuwa na chaji. Akainuka na mtoto mkononi kutafuta kiberiti, akajikwaa kwenye jiwe la jikoni, akaangukia kwenye makaa.

Mtoto alimwinua juu, hakuguswa. Mkono mwingine wa yule binti ukaungua mpaka karibu na kiwiko. Aliyesikia kelele ni jirani, mke wa mkulima. Ndiye aliyekuja na tochi, ndiye aliyempeleka zahanati.

Muda huo sisi tunabishana kama mpira umegusa kibao au haujagusa.

Akina mama wakaitana. Hapa naomba msilete utani. Hiki kikao si cha vikoba. Mwanaume akimkosea mzazi, wao ndio wanaomhukumu, na hakuna pa kukata rufaa. Faini ni dume jeusi, wanalila wao wenyewe. Ukigoma wanakulaani. Baada ya hapo hakuna atakayenywesha ng'ombe pamoja na wewe, salamu yako haiitikiwi, na hakuna wa kuja kuoa kwako.

Gida akaapa hatoi.

"Nimempiga mtu mimi?" ananiambia. "Betri nimenunua mwenyewe, sola nimenunua mwenyewe. Nitoe dume la mbegu kwa kuazima betri yangu? Wewe utakuwa shahidi, uwaambie ilikuwa muda mfupi tu."

Nilimwonea huruma, na wakati huohuo nilikuwa na hasira naye. Lile dume ndilo lililojaza zizi lake, nalijua. Na ule mkono wa yule binti niliuona akitoka zahanati.

Siku ya kikao nikaitwa kweli, kama mwenye TV. Walikaa chini kwenye uwazi karibu na josho, wengi, kila mmoja na fimbo yake. Nikatoa shikamoo, nikaonyeshwa pa kukaa, mbali kidogo. Kibarbaig nakisikia, kukiongea ndio shida.

Wakaniuliza kama betri ilifika bandani kwangu. Nikasema ilifika. Wakaniuliza kama nilijua imetoka wapi. Nikasema sikujua, na sikuuliza. Wakanitazama muda mrefu, kisha wakaniacha.

Gida akajitetea, na sitamnyima haki yake, aliongea vizuri. Betri ni mali yake. Moto ni ajali. Angejua yatakayotokea asingeitoa. Dawa amenunua, mbuzi wa supu amechinja. Alipomaliza nikawaza huenda akapona.

Aliyekuwa anaongoza ni bibi mmoja mwembamba, mwenye sauti ya chini mpaka unalazimika kuinama. Akamwacha amalize yote, wala hakumkatiza. Kisha akamuuliza:

"Hao Wazungu wenu, ulipotoka kufuata betri, walikuwa wamebaki wangapi wa kupiga?"

Gida akajibu papo hapo. Akataja na yule aliyekuwa uwanjani anapiga, na pointi zilizokuwa zimebaki.

"Sawa," bibi akasema. "Na ulipoingia kwa mzazi, mtoto alikuwa macho au amelala?"

Gida akageuka kuniangalia mimi.

"Tunakuuliza kwa sababu humo ndani ulikuwepo wewe. Sisi hatukuwepo. Alikuwa amelazwa wapi?"

Wakangoja. Wabarbaig wanajua kungoja.

Gida akatazama chini. "Sikumwangalia," akasema.

"Mtoto wako?"

"Sikumwangalia, bibi."

Wakuu, mimi nimekaa kwenye banda miaka, nimeona wanaume wazima wakilia kwa penati. Sijawahi kuona uso kama ule. Hakusubiri hukumu. Akasema dume ataleta kesho asubuhi, na akalileta kweli, kalivuta mwenyewe kwa kamba mpaka mbele yao.

Mimi bibi aliniambia, "Wewe si wa kwetu, hatukutozi. Lakini na wewe una mke." Hilo tu. Nikaitikia ndiyo bibi, nikaondoka.

Yule binti amepona, mkono una kovu na vidole viwili havikunji vizuri. Muda wa uzazi ulipoisha Gida aliingia ndani kwa heshima zote, na alikaa humo kutwa nzima. Bandani bado anakuja. Dume jingine la mbegu hajapata.

Nilichojifunza mimi ni kidogo, na sijui kama kitamfaa mtu mwingine. Zamani nilidhani banda langu linauza mpira. Siku hizi mtu akiniletea betri namuuliza kwanza imetoka nyumba gani na kule kumebaki nani. Wateja wengine wamenuna wamehama, waende.

Karibuni kwa maoni. Najua wapo watakaosema akina mama walizidisha, dume zima kwa betri moja, ni mila za kizamani, na kadhalika. Andikeni tu, nitasoma zote.

Ila wewe mwenye mtoto mdogo, kabla hujaandika, nijibu swali la bibi bila kuinua macho kwenye hiyo simu. Mtoto wako sasa hivi yuko macho, au amelala?