Koki Zetu Hazivuji

Mke wa kaka yangu aliajiriwa na kiwanda cha koki za maji ili aandike blogu ya kampuni. Kaka hakuchoka kututania: "Nyumba hii ina wifi mbili, ya intaneti na ya dada yangu, na zote hazivuki geti."

Tulicheka, ila wifi yangu alicheka kwa mdomo tu. Mkataba wake wa mwaka mmoja ulikuwa unaisha Ijumaa, na bosi hakumung'unya maneno: blogu isipopata wasomaji, hakuna mkataba mwingine. Makala ya mwisho ilisomwa na watu kumi na mmoja. Watatu tulikuwa sisi wa nyumbani.

Nilikuwa nakaa kwao baada ya ndoa yangu kuvunjika, na makala zake nilizipitia mimi. Jumatatu jioni nilimwambia, "Wifi, hebu soma hii kwa sauti."

Akasoma: "Kampuni yetu inajivunia kutoa suluhisho bora la maji kwa familia za kisasa."

"Hapo unaongea na nani?"

Akafikiri kidogo. "Na bosi."

Kumbe kiwandani kulikuwa na neno lisilotajwa: kuvuja. Bosi aliamini koki zake hazivuji, basi. Kila kilichoandikwa kilipaswa kusema "mabadiliko ya mtiririko".

Kesho yake wifi alibeba kiti, akakaa asubuhi nzima kando ya dada wa mapokezi, anayepokea simu za wateja. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za mtiririko.

"Dada, koki yenu inavuja mpaka nimeweka sufuria!"

"Mwanangu, inavuja ti-ti-ti, kama inanisengenya."

Dada wa mapokezi, ambaye hajawahi kuisoma hiyo blogu, aliwajibu wote kwa upole uleule. "Funga maji ya nje kwanza, mama. Umefunga? Haya, fungua kichwa cha koki. Humo ndani kuna kipira cheusi. Kimelika, eh?"

Wifi aliyaandika karibu kama yalivyosemwa. Juu akaweka: "Koki Yetu Ikivuja, Anza na Kipira." Akapiga picha ya kipira kilicholika, kikiwa kwenye kiganja chake mwenyewe. Jumatano aliibandika makala hiyo kwenye blogu bila kumwomba mtu ruhusa, akarudi nyumbani kanywea.

"Nimejimaliza, wifi."

"Umeongea na watu," nilimjibu.

Alhamisi fundi mmoja aliandika chini ya makala: "Dada, umesahau kitambaa. Ukiweka spana hivihivi utaikwaruza koki." Wifi hakuyafuta maoni yake. Alirekebisha makala, akamshukuru palepale mbele ya wasomaji. Hapo ndipo mambo yalipochangamka. Mafundi wengine wakaja kubishana, wateja wakauliza kipira kinauzwa wapi, na mmoja akachokoza: "Hatimaye wamekiri!" Jioni wasomaji walikuwa wamepita elfu mbili, na mimi sikujua nifurahi au niogope. Neno lile sasa lilikuwa limeonwa na kila mtu.

Ijumaa bosi alimwita ofisini. Nyumbani nilifua mashuka yaliyokuwa safi, simu nimeifunga kwenye pindo la kanga. Saa nane ikalia.

"Wifi."

"Nipo."

"Amenifokea robo saa nzima. Neno lile, neno lile! Katikati ya kufoka mtu wa stoo akaingia, akasema vipira vimeisha na watu bado wapo dirishani. Bosi akauliza wametokea wapi. Yule akasema wote wameonyesha picha ya kiganja kwenye simu."

"Halafu?"

"Kasaini, wifi. Mwaka mzima. Ila neno lile nilitumie kwa kiasi."

"Kiasi gani?"

"Sikuuliza. Nilichukua karatasi nikatoka mbio."

Nilikaa chini kando ya karai, mikono imejaa povu. Kwa miezi mingi nilikuwa nimezoea kupokea habari za vitu kuisha, na hii ilinikuta sijajiandaa. Upande wa pili nilimsikia akishusha pumzi, moja ndefu, kisha nyingine. Hakuna aliyekata simu.