Kilo Tatu za Gunia

Nilinenepa katika miaka mibaya ya kunenepa, nikaja kukonda katika miaka mibaya ya kukonda.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, bidhaa zilipoadimika, mtu mwenye mwili alitazamwa mara mbili. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, na unga tuliopata ulikuwa ule wa njano tuliouita yanga. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa mahakama, kazi ya kukaa kutwa. Siku moja ya mvua niliteleza kwenye ngazi za ofisi, goti la kulia likavunjika, na lilipounga liliunga vibaya. Tangu hapo maisha yangu yakawa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, na kutoka kiti cha nyumbani kwenda kiti cha ofisini. Chakula kilikuwa muhogo asubuhi, ugali mchana, muhogo tena jioni. Mwili ukaja wenyewe.

Siku moja nimesimama kwenye foleni ya duka la ushirika, hapa hapa mtaani kwetu Usagara, nikamsikia mwanamke aliye nyuma yangu akimwambia mwenzake bila hata kushusha sauti, "Wengine wanakuja foleni kutuzuga tu. Mvunguni kwao kumejaa magunia." Sikugeuka. Mvunguni kwangu kulikuwa na ndoo ya maji na viatu vya marehemu mume wangu.

Kisha zikaja zama za ruksa. Vitu vikaanza kupita mpakani Horohoro mchana kweupe: mafuta ya kupikia kwa madebe, maziwa ya kopo, biskuti, sabuni zenye harufu. Kila nyumba ilikula kama inalipiza kisasi, na yangu haikubaki nyuma. Nilitia vijiko vinne vya sukari katika kikombe kimoja cha chai. Jirani yangu, mwanamke wa Kipemba aliyekuwa akichoma vitumbua mlangoni kwake, aliniletea vitano kila asubuhi, vikiwa bado vinatoa moshi. Baada ya miaka michache nikaambiwa nina kisukari, kisha presha, kisha nikastaafishwa kwa ugonjwa. Mwanangu wa pekee alikuwa anafanya kazi Dar es Salaam. Nikabaki na nyumba yangu, ua wangu wa nyuma na kuku wangu sita.

Uani ndiko nilikoanguka. Nilikuwa naanua nguo, goti likalegea, nikashuka taratibu kama mtu anayekaa. Sikuvunjika popote. Lakini kuinuka sikuweza. Nilijaribu kwa mikono, nikajaribu kwa tumbo, nikajaribu kujivuta hadi kwenye nguzo ya kamba. Kuku walinizunguka, wakanizoea, mmoja akalala karibu na bega langu. Ilikuwa baada ya chai ya asubuhi. Jirani yangu aliponikuta, adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa, na ilibidi aite wanaume wawili wa mtaani waninyanyue.

Wiki iliyofuata mwanangu akafika.

"Mama, unahama."

"Nihamie wapi?"

"Kwangu. Chumba kipo."

"Chumba chako kiko ghorofa ya tatu."

"Tutakupandisha."

"Na kunishusha?"

Alikuwa ameinamisha kichwa, anang'oa nyuzi za mkeka mmoja mmoja, kama alivyokuwa akifanya utotoni akiogopa. Nilijua hasemi kwa ubaya. Lakini nilijua pia kwamba nikipandishwa ngazi zile sitashuka tena ila nikiwa nimebebwa. Tukabishana siku mbili. Mwisho akasema, "Haya. Idd ya kumaliza Ramadhani nakuja. Nikikuta unakaa mkekani na kuinuka mwenyewe, bila mtu kukushika, sitalitaja tena. Usipoweza, mama, nakuja na sanduku la nguo zako."

Tukapeana mikono juu ya hilo. Nilikuwa na miezi minane.

Hospitali nilipewa mwanamke wa makamo aliyekuwa mtaalamu wa viungo. Alilibonyeza goti langu, akanitazama, akasema halitapona. "Ila linaweza kupunguziwa mzigo," akasema. "Na wewe unaweza kujifunza kushuka." Kutembea mwendo mrefu alinikataza. Alinifundisha kukaa na kusimama. Unaanza na kiti kirefu, unasimama mara kumi bila kushika kitu. Kikizoeleka, unahamia kiti kifupi zaidi. Chakula alinipangia kwa maneno machache: sukari basi, muhogo kidogo, samaki na mchicha kwa wingi, tui liwe la wageni.

Mimi ni mtu wa mpango. Nilivipanga vikalio vyangu ukutani kwa urefu: kitanda, kiti cha mezani, kiti cha kamba, kigoda, na cha mwisho kabisa mbuzi ya kukunia nazi, ambayo sasa haikuwa na kazi. Nilikunja chuma chake nikakifunga kwa kipande cha kanga. Baada ya mbuzi ulibaki mkeka tu. Nilikuwa nashuka dunia kwa hatua tano.

Kilichokosekana kilikuwa mizani. Hospitali ni mbali, na sikuwa na haja ya kupanga foleni nyingine maishani. Lakini mwisho wa mtaa wetu kulikuwa na ghala la mbata, lile linalonunua nazi kavu za wakulima, na ndani yake mizani kubwa ya magunia, yenye bamba la chuma chini na mkono wa kipimo unaoteleza. Jirani yangu ndiye aliyetoa shauri. Jumamosi ya kwanza nilipelekwa kwa mkokoteni, nimekaa katikati ya magunia mawili ya mbata, nimevaa buibui, nimeshika mkoba wangu wa ofisini. Watu walitoka nje kutazama.

Mpimaji alikuwa mzee mwembamba, mkimya, kalamu nyuma ya sikio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba bibie. Unauza au unanunua?"

"Napimwa."

Hakucheka. Alisubiri nisimame sawa, akasukuma kipimo, akakirudisha kidogo, akatamka, "Mia na nne." Nikaandika kwenye daftari. Nilikuwa nimeandika maneno ya watu mahakamani miaka ishirini na miwili bila kuuliza swali, maana kuuliza si kazi ya mpiga chapa.

Kazi ngumu haikuwa viti. Ilikuwa vitumbua. Asubuhi ya kwanza niliyovikataa, jirani yangu alisimama na sahani mkononi.

"Nimekukosea nini, shoga?"

"Hujanikosea. Daktari kasema."

"Daktari huyo kavila?"

Alinuna siku tatu. Siku ya nne akaja na sahani ya matango yaliyokatwa, akaitua mezani kwa kishindo. "Haya, kula majani yako. Jumamosi nakusindikiza."

Kufikia mwezi wa tatu niliacha mkokoteni. Kutoka kwangu hadi ghala ni milango kumi na tisa, na baraza nane za kupumzikia. Nilitembea kwa bakora, milango miwili, nikakaa. Milango mitatu, nikakaa. Ubaya wa baraza ni kwamba hazina kitu kinachoitwa kukaa tu. Kila baraza ina mwenyewe, na mwenyewe ana kahawa, kashata, au kipande cha mkate wa kumimina alichokuwekea toka jana. Kukataa mara nane kabla ya saa nne asubuhi kulinichosha kuliko goti.

Na ndipo kukonda kulipoanza kusemwa. Siku hizo mtu akipungua watu hawakufikiria kisukari. Walifikiria ugonjwa mmoja tu, na hawakuutaja jina. Kwenye baraza ya tano, bibi mmoja alinishika mkono, akautazama, akasema kwa huruma nyingi, "Pole mwanangu. Mungu ndiye mponyaji."

Jirani yangu akadakia, "Amponye nini? Kukataa vitumbua vyangu? Hiyo haina dawa, bibi."

Baraza nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Lakini yule bibi hakuniachia mkono upesi. Alinitia kipande cha halua kiganjani, akanifunga vidole. Nilimpa jirani yangu tulipofika baraza iliyofuata.

Mizani ilinipoza. Mia na nne ikawa mia, mia ikawa tisini na saba, ikawa tisini na tano. Nilikuwa nimefika kwenye kigoda. Jumamosi moja mzee akatamka tisini na tatu, na Jumatatu yake nilikuwa na zamu ya kumwona daktari. Nilipanda mizani ya hospitali nikiwa na furaha ya mtoto. Muuguzi akasoma, "Tisini na sita."

"Tazama tena, dada."

"Tisini na sita, mama. Shuka, wenzako wanasubiri."

Kilo tatu kwa siku mbili! Siku mbili nilizokula samaki na mchicha! Nilirudi nyumbani nikaketi kitandani, mahali nilipoanzia. Kwanza nilidhani nimenenepa. Kisha nikapata wazo baya zaidi, kwamba mizani ya ghala ni mbovu na daftari langu lote ni hadithi. Ramadhani ilikuwa imebakiza wiki tatu kuingia. Nilimwita jirani yangu nikala vitumbua vinne mbele yake, na yeye, Mungu ambariki, akanimiminia chai. Wiki mbili sikugusa kigoda. Nilianza hata kukunja kanga zangu, nikizitenga za kwenda nazo na za kugawa.

Jirani yangu ndiye aliyechoka. Jumamosi ya pili aliingia bila kubisha hodi. "Vaa. Twende tukamuulize yule mzee kala wapi kilo zetu."

Ghala lilikuwa limejaa wakulima. Nilimweleza mzee habari ya hospitali, moja baada ya nyingine, kama ushahidi. Akasikiliza. Akatazama mizani yake. Akalitazama daftari langu. Kisha mkono wake ukapanda polepole ukaziba mdomo.

"Bibie," akasema, "nimekukata gunia."

"Gunia gani?"

Hapo ndipo wakulima wote walipoelewa, kabla yangu. Sheria ya ghala lile, waliyokuwa wakiilalamikia kila msimu, ilikuwa kwamba kila gunia linalopanda mizani linakatwa kilo tatu: moja ya gunia lenyewe, mbili za unyevu uliobaki ndani ya mbata. Mzee alikuwa ameikata miaka mingi mno, hata mkono wake ulirudisha kipimo wenyewe bila kumuuliza. Kila Jumamosi alinikata na mimi.

"Kwa hiyo gunia ni hili buibui langu?"

"Samahani sana, bibie."

"Na unyevu?"

Mkulima mmoja akapaza sauti kutoka mlangoni, "Tumeteseka sote, mama! Karibu kwenye chama!" Jirani yangu alilazimika kukaa juu ya gunia kwa kucheka.

Mimi nilikuwa nimeshafungua daftari. Nilijumlisha tatu kwenye tisini na tatu, nikajumlisha tatu kwenye ile mia na nne ya mwanzo, nikafuata mistari yote hadi chini. Alikuwa amenikata sawasawa kila mara. Nilianza nikiwa mzito kuliko nilivyojua, lakini kilichopungua kilikuwa kimepungua kweli, kilo kumi na moja, bila hata moja kupotea. Nikamwomba anipime upya. Akasukuma kipimo, akatamka, "Tisini na nne," kisha akashika kichwa: "Nimekata tena!" Tangu siku hiyo alitamka alivyozoea, nami nikaongeza tatu mwenyewe.

Ramadhani ilinikuta nimerudi kwenye kigoda. Kwa ajili ya dawa sikuruhusiwa kufunga, lakini mwezi ule ulinifaa kwa namna yake. Mchana mtaa mzima ulinyamaza, hakukuwa na kitumbua wala kahawa barazani. Nilifunga mlango nikahamia kwenye mbuzi. Kumi la pili la mwezi nikashuka mkekani. Mtaalamu alikuwa amenionyesha: ugeuke ubavu, upige goti la kushoto lililo zima, mguu mbaya uunyooshe pembeni, mikono yote miwili uiweke juu ya kitu kifupi kisichoyumba. Kitu hicho kikawa ile ile mbuzi. Siku za kwanza nilikuwa namweka jirani yangu nje ya mlango, asikilize. Nilikaa chini kwa dakika, nikainuka kwa robo saa. Baadaye robo saa ikawa dakika tano.

Siku ya Idd mwanangu alifika asubuhi, kanzu imepigwa pasi, mkononi sanduku kubwa jipya, jepesi. Tuliliona sote, hakuna aliyelitaja. Jirani yangu akatandika mkeka, akaleta sinia ya pilau. Nikashuka. Nilikula tonge chache na kachumbari nyingi, nikasikiliza habari za Dar, nikanawa mikono. Kisha nikavuta mbuzi karibu.

Mara ya kwanza kiganja kiliteleza. Mara ya pili goti la kushoto lilisimama lakini mwili ukarudi. Mwanangu akaanza kunyanyuka. Jirani yangu akamshika kanzu kwa nyuma. "Kaa. Hujaitwa."

Mara ya tatu nikasimama. Nilitweta, kilemba cha kanga kimenishukia jicho moja, lakini nilikuwa wima na hakuna aliyenigusa. Mwanangu alinitazama toka chini, kama anayesoma karatasi mara ya pili. Kisha akaulizia chai.

Aliondoka siku ya pili yake. Jioni kabla ya hapo nilifungua kile kipande cha kanga, nikakunjua chuma cha mbuzi, nikakaa juu yake nikakuna nazi moja kwa ajili ya mgeni. Alikula mchuzi wote. Ghorofa ya tatu haikutajwa. Na sanduku alilolileta kwa nguo zangu lilirudi Dar es Salaam limejaa nazi. Tulipolipeleka ghalani kuona kama basi litakubali uzito wake, mzee alilipima, akatutajia kilo, na wote watatu, mimi, jirani yangu na mwanangu tuliyekwisha kumsimulia, tukaongeza tatu.