Anayepaka Chokaa Msitu Wake Mwenyewe

Saa tatu asubuhi Liucija Rimkuvienė anatembea juu ya msitu kwa soksi za sufu. Viatu ni marufuku hapa. Turubai la kitani lililochorwa msitu huo, meta kumi na nne kwa tisa, limetandazwa kwenye sakafu ya karakana, naye analifuta chokaa kwa sponji yenye unyevu, polepole, kama anayemfuta mgonjwa jasho.

Chokaa hiyo kaipaka mwenyewe jana, jukwaani, kwenye mazoezi. Katika tamthilia itakayoanza Ijumaa, kazi yake ni kuufunika msitu huo wote mbele ya watazamaji.

Liucija, 61, ni mchoraji wa mandhari katika ukumbi mmoja wa maonyesho hapa mjini Kaunas. Alipoajiriwa mwaka 1990 wachoraji walikuwa kumi na mmoja. Amebaki yeye.

"Zamani mbunifu wa jukwaa alikuletea kijipicha, wewe ukakikuza," anasema. "Siku hizi ni skrini, au jukwaa tupu na kiti kimoja. Sasa mimi nipake rangi kiti?"

Msitu aliuchora mwaka 1993, kipindi cha baridi ambacho watazamaji walikaa na makoti ndani ya ukumbi na rangi iliganda kwenye ndoo. Mbunifu wa sasa, Eimantė Skuodytė, 31, aliukuta stoo kwenye rundo la kukatwakatwa.

"Mama Liucija, bila mimi msitu huu ungekuwa matambara," Eimantė anamwambia kutoka mlangoni. "Pazia halikai tena nyuma ya mwigizaji. Lenyewe linaigiza. Linakufa, na watu wanaona."

"Na wewe ukifa nije na sponji?"

Eimantė anacheka. Si mtu mbaya, na huenda yuko sahihi. Lakini kulitazama jambo hili kunauma, na ingawa nimekuja kuandika habari ya gazeti tu, sioni sababu ya kuficha.

Liucija hakukataa. Angekataa, angeletwa mtu mwingine na rangi ya dukani isiyotoka. Kwa hiyo anachanganya mwenyewe unga wa chaki na maji, bila gundi, ili ikikauka ifutike.

Tatizo ni kwamba rangi za msitu nazo zilishikizwa kwa gundi ya mifupa, na gundi hiyo huyeyuka kwa maji. Kila akifuta chokaa, msitu unatoka nayo kidogo. Ananionyesha ndoo: maji yamekuwa ya kijani. Baada ya mazoezi matatu tu, matawi ya juu kushoto hayapo.

Kuyarudishia rangi haruhusiwi. Eimantė anataka uchakavu uonekane.

Maonyesho yaliyopangwa ni kumi na mawili. Uongozi umemwahidi Liucija kwamba tamthilia ikiisha, kitakachobaki ni chake.

Seremala Kęstutis anachungulia, mkononi kipande cha mkate mweusi. "Dada, tiketi za Ijumaa zimekwisha! Umekuwa staa!"

"Toka na viatu vyako!"

Kęstutis akishaondoka, Liucija anakamua sponji na kukaa chini, miguu juu ya nyasi alizochora.

"Miaka thelathini na mitano nimeomba ukumbi ujae," anasema. "Safari hii naomba wachukie. Wazomee, watoke kabla ya mapumziko, magazeti yatutukane. Tamthilia ikifungwa baada ya usiku wa nne, mashina nitakuwa nayo bado."

Ananitazama.

"Na wewe, nakuomba, usiisifu."