Dawa ya Kuvimba Fizi

Mwaka wa kwanza baada ya kumzika mke wangu, watu wa Murera walinipenda kwa peremende. Nikikaa kanisani, mama wa benchi la nyuma ananipenyezea moja. Nikienda kununua sukari, mwenye duka ananiongezea chingamu, na mvi zangu zote hizi. Nilijiambia kwamba wananihurumia na hawajui waseme nini. Nilizipokea, nikashukuru, kisha nikarudi nyumbani kunyamaza hadi Jumapili nyingine.

Siku hizo fizi zangu zilikuwa zimevimba, zinatoa damu kila nikipiga mswaki, na jino moja la mbele lilikuwa linatikisika. Nilitaka sana kulibakisha. Mzee anayeishi peke yake akiwa na pengo mbele huonekana kama mtu aliyetupwa, na mimi sikutaka kuonekana hivyo. Basi nikaenda duka la dawa pale Witeithie, nikaomba dawa ya kuvimba. Nilipewa vidonge vya maumivu na uvimbe. Siku ya tatu fizi zikatulia, damu ikapungua, nami nikajiona daktari. Zikivimba tena, nanunua tena, nameza na chai ya rangi. Nilienda hivyo miezi kadhaa, mpaka tumbo likaanza kuniwaka na jino likazidi kucheza.

Daktari wa meno niliyemwendea Thika alikuwa msichana wa umri wa mjukuu wangu. Nilimweleza habari za vidonge na tumbo. Aliponichungulia mdomoni alirudisha uso nyuma kidogo, akajikaza.

"Guka, hii dawa inasaidia, lakini si peke yake," alisema, akiniita babu kwa Kikuyu. "Uchafu umejificha chini ya fizi, ndio unafanya zivimbe, na huko kuvimba ndiko kunakula mfupa wa jino. Lazima tusafishe. Na vile tumbo inakuchoma, hizo tembe wacha kabisa."

"Na jino?"

"Tutajaribu. Siwezi kukuahidi."

Akachukua vyombo vyake, akasita. "Usikasirike, guka. Mdomo umenuka muda mrefu. Mama watoto huko nyumbani hakukuambia?"

Hapo ndipo nilipozielewa zile peremende. Kwetu hakuna anayemwambia mzee kwamba mdomo wake unanuka. Anapewa kitu cha kumung'unya, basi. Niliona haya, nikawakasirikia wote, mama wa kanisani na mwenye duka, halafu hasira ikaniishia palepale kwenye kiti. Wangefanyaje? Ni mtu mmoja tu duniani aliyekuwa na ruhusa ya kuniambia neno kama hilo, na angeniambia siku ya kwanza, bila kupunguza sauti. Upweke ulinishika vibaya kuliko siku ya mazishi.

Yule msichana alikuwa bado anangoja jibu.

"Aliniambia," nikadanganya.

"Sasa si ungemsikiza, guka."

"Ningemsikiza," nikasema, nikafungua mdomo.