Nusu Saa ya Kisimani

Muuguzi Dorkas alipomaliza kumpima Damari presha, alikunja uso. "Imepanda tena, mama. Vidonge peke yake havitoshi. Tembea kila siku, tena jitafutie walau nusu saa ya kukaa peke yako, utulie."

Damari alicheka mpaka muuguzi naye akacheka. Nusu saa! Angeiiba wapi?

Pale Kinyangiri, mwanamke akionekana anatembea mikono mitupu, watu humuuliza nani amefariki. Na nyumbani kulikuwa na mama mkwe wake, Bibi Emiliana, mwaka wa tatu kitandani tangu apooze upande mmoja. Mdomo ulikuwa umekwenda kando, lakini sauti ilibaki palepale. Ageuzwe, anyweshwe uji, afukuziwe nzi, atolewe juani, arudishwe kivulini. "Damari! Damari!" Kutwa nzima, hadi Damari akalichukia jina lake mwenyewe. Kubwa zaidi ni kwamba bibi naye alianza na presha. Kila alipomgeuza, Damari alijiona yeye amelala pale.

Basi nusu saa yake aliipata mahali ambapo hakuna wa kumuuliza. Kisima chao ni shimo lililochimbwa na wanawake kwenye mchanga wa mto uliokauka, mwendo wa dakika ishirini. Saa tisa alasiri, bibi akisinzia, Damari alibeba ndoo akashuka. Wenzake walikuwa wamechota tangu asubuhi. Alijaza ndoo, akaiweka kando. Akavua kandambili, akazika miguu kwenye mchanga wenye unyevu, akasugua visigino kwa jiwe, akanawa uso taratibu. Siku nyingine alilia kidogo, akanawa tena. Hakuna aliyemwita.

Baada ya miezi miwili presha ilishuka, Dorkas akampigia makofi.

Kosa lake ni kwamba kwa mumewe Obadia alisema nusu tu ya maneno: "Muuguzi anasema nipumzike." Habari ya kisima aliificha, asije akaonekana mvivu. Na Obadia ni mume mwema, hapo ndipo balaa lilipoanzia. Alipouza alizeti zake, alivuta maji ya bomba mpaka uani.

"Sasa pumzika, mke wangu," alisema huku anaifungua koki. "Mambo ya ndoo yamekwisha."

Majirani walikuja kushuhudia. "Umeula, Mama Elisha!" Wakapiga vigelegele, na Damari naye akapiga. Angefanyaje? Mwanamke gani mwenye akili zake hulilia ndoo?

Koki ilikuwa hatua nane kutoka dirisha la bibi. Kuni nazo Obadia alizileta kwa pikipiki, maskini, kwa upendo wote. Damari akawa wa jikoni na chumbani, chumbani na kokini, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Usingizi ukamkimbia, kisogo kikaanza kugonga. Aliporudi zahanati, Dorkas hakupiga makofi.

Siku iliyofuata, saa tisa, alimpelekea bibi maji ya kunywa. Bibi alionja, akayatema.

"Haya ya wapi?"

"Ya bomba, mama."

"Siyataki. Nataka ya kisima."

Obadia alikuwa uani akinoa jembe. "Mama, si ndiyo haya unayokunywa siku zote? Maji si ni maji?"

"Ya kisima nimeyanywa tangu naolewa. Kama hamtaki kunipa, nife na kiu yangu."

Obadia alikuwa hawezi kubishana na mama yake mgonjwa. Akasonya chinichini. "Mke wangu, naomba umfuatie tu. Kila siku, ndoo moja."

Damari aliichukua ndoo kwa hasira. Kazi nyingine hiyo, tena ya ukaidi mtupu! Aliinama kumfunika bibi shuka kabla hajaondoka, na ule mkono mzima wa bibi ukamdaka kanga, ukamvuta mpaka sikio lake likafika kwenye ule mdomo uliopinda.

"Visigino vyako vimeanza kupasuka tena," bibi alinong'ona. "Hata mimi nilikuwa na jiwe langu kule. Usirudi mbio."